Barua ya Wazi kwa Majaji wa Filamu: Uzito wa Msiba Si Uzito wa Filamu

Kwa: Majaji wa tamasha la filamu la FESPACO, Ouagadougou, majaji wa Tamasha la Nchi za Jahazi (ZIFF), Zanzibar, na wanachama wa Akademi ya Sanaa na Sayansi za Sinema, Marekani

Kutoka: Butembo, Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo

Kuhusu: Filamu za Kongo zilizotuzwa, zilizopitwa, na kipimo kinachofaa kutumika

Waheshimiwa majaji,

Tangu mwaka 1987 filamu zilizopigwa Kongo, au zinazosimulia Kongo, zimefika mara kwa mara mbele ya watoaji wa tuzo kubwa: Ouagadougou, Berlin, Cannes na Los Angeles. Baadhi zimeshinda. Baadhi zimeishia kwenye orodha ya wateule. Nyingine, zenye ubora usiopungua huo, hazikupata tuzo ya daraja hilo. Kutoka Lubero hadi Butembo na Beni ubishi juu ya filamu hizo haujaisha, na unastahili kusikilizwa, kwa kuwa watu wa upande huu wamekaa mbele ya kamera mara nyingi kuliko walivyokaa mbele ya skrini. Kamera zilikuja na vita vya waasi wa M23 mwaka 2012. Zilikuja tena na mauaji ya raia yaliyoanza Beni Oktoba 2014, na zikarudi na Ebola kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020. Kila mara baada ya kamera hufuata filamu, na baada ya filamu hufuata orodha za tuzo.

Hoja ya barua hii ni moja: filamu ipimwe kwa namna ilivyotengenezwa, wala si kwa ukubwa wa msiba inaouonyesha. Anayetuza msiba anamkosea msanii, maana kazi yake haikutazamwa. Na anamkosea mfiwa, maana kilio chake kimegeuzwa sifa ya filamu. Filamu zinazojadiliwa hapa zimepangwa takriban kwa miaka, na kila moja imepewa hukumu pamoja na sababu zake.

Kipimo

Maswali matatu yanatosha kupima filamu yoyote kati ya hizi. La kwanza linahusu umbo: je, picha, sauti na mpangilio wa matukio vinasema jambo ambalo taarifa ya habari isingeweza kulisema? La pili linahusu jicho: hadithi inatazamwa na nani, na wale wanaotazamwa wana kazi, lugha, nia na hata kicheko chao? La tatu linahusu ukamilifu: je, filamu inasimama yenyewe, au inaegemea huruma ambayo mtazamaji alikuja nayo kutoka nyumbani?

Hakuna swali linalohusu idadi ya waliokufa. Hakuna pia linalohusu manufaa ya filamu kwa siasa au kwa misaada. Manufaa hayo yanaweza kuwa makubwa na ya kupongezwa, ila yana tuzo zake, na hizo si tuzo za sinema.

1987 na 1999: Mweze Ngangura

Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, alitoa *La Vie est belle* mwaka 1987 akishirikiana na Mbelgiji Benoît Lamy. Papa Wemba aliigiza Kourou, mwanamuziki wa kijijini anayeingia Kinshasa, akaajiriwa kuwa boi wa nyumbani, akapenda, na hatimaye akapata nafasi ya kuimba. Mwaka huohuo tuzo kuu ya FESPACO, Étalon de Yennenga, ilikwenda kwa *Sarraounia* ya Med Hondo wa Mauritania, filamu ya malkia wa Niger aliyekabili msafara wa kijeshi wa Wafaransa mwaka 1899.

Wapenzi wa sinema wa Kongo hupenda kuzilinganisha filamu hizi mbili, na wengi huvutwa na ile ya nyumbani. Haki ni kusema kwamba *Sarraounia* ilistahili. Hondo alijenga majeshi, jangwa na ukimya kwa upana ambao filamu chache za Afrika zimewahi kuufikia, na malkia wake ana akili ya vita, si ushujaa mtupu. Hata hivyo *La Vie est belle* inafundisha jambo ambalo tuzo kubwa hulisahau: kuchekesha ni ufundi mgumu. Kinshasa ya Ngangura ina njaa, ina ulaghai na ina waganga, na bado watu wake wanaishi kwa werevu wao. Filamu ya kuchekesha iliyopangwa vizuri haina ubora mdogo kuliko filamu ya kuliza.

FESPACO ilithibitisha hilo miaka 12 baadaye. Mwaka 1999 Étalon ilipewa *Pièces d'identités*, filamu nyingine ya Ngangura. Mfalme mzee, Mani Kongo, anasafiri hadi Ubelgiji kumtafuta binti yake, Mwana, na huko anatenganishwa na vitu vya ufalme wake: kofia, mkufu, alama zote zinazomtambulisha kuwa ni nani. Filamu inauliza mtu anabaki na nini akinyang'anywa alama hizo, na inauliza kwa wepesi, bila hotuba. Tuzo ile ilikuwa sahihi, na hadi leo ndiyo pekee ya daraja hilo iliyopokelewa Ouagadougou na mwongozaji Mkongo. Majaji wa 1999 walitazama umbo. Hawakudai filamu kutoka nchi iliyokuwa vitani iwe na bunduki ndipo iheshimiwe.

2011 na 2017: Kinshasa mara mbili

*Viva Riva!* ya Djo Tunda wa Munga ilipata tuzo sita za Akademi ya Sinema ya Afrika mwaka 2011, ikiwemo ya filamu bora. Riva anarudi Kinshasa kutoka Angola na shehena ya petroli ya wizi wakati mji umekauka mafuta, na wenye mali wanamfuata. Kwa mkaaji wa Butembo, mji unaoishi kwa biashara ya barabara, hadithi ya foleni za mafuta na bei inayopanda kati ya asubuhi na jioni haihitaji ufafanuzi. Munga hakuomba huruma ya mtu. Alichukua fani ya filamu ya majambazi, yenye kasi na sheria zake, akaitumia kuonyesha mji ambamo kila kitu kina bei. Tuzo zile zilistahili. Dosari ya filamu ni namna miili ya wanawake ilivyopigwa picha, mara nyingi kwa jicho la mnunuzi, na dosari hiyo inafaa kutajwa pamoja na sifa.

Mwaka 2017 *Félicité* ya Alain Gomis, Mfaransa mwenye asili ya Senegali, ilipata Tuzo Kuu ya Majaji mjini Berlin, kisha Étalon d'or mjini Ouagadougou. Kwa Gomis hiyo ilikuwa Étalon ya pili baada ya *Tey* mwaka 2013. Kabla yake ni Souleymane Cissé wa Mali tu aliyewahi kuipata mara mbili. Véro Tshanda Beya anaigiza mwimbaji wa baa mjini Kinshasa ambaye mwanawe amepata ajali ya pikipiki, naye anazunguka mji mzima kutafuta pesa za upasuaji.

Nusu ya kwanza ya filamu ni mbio hizo za pesa. Mwongozaji mwingine angeishia hapo na kuvuna machozi. Gomis anaacha mbio zikome katikati, kisha anafuata kitu kigumu zaidi: namna mwanamke aliyevunjika anavyoanza tena kuimba, kupenda na kucheka. Muziki wa Kasai Allstars haupambi hadithi, unaibeba. Kwa kipimo cha maswali matatu, *Félicité* inapita kote, na Étalon ya 2017 haina ubishi wa msingi.

2013: *Rebelle* na swali la bendera

*Rebelle* ya Kim Nguyen, raia wa Kanada, ilipigwa Kinshasa. Inasimulia habari za Komona, msichana anayetekwa na waasi akiwa na miaka 12, akalazimishwa kuua wazazi wake. Rachel Mwanza, aliyekuwa amewahi kuishi mitaani Kinshasa, alipata Dubu wa Fedha wa mwigizaji bora wa kike mjini Berlin mwaka 2012. Mwaka uliofuata filamu iliteuliwa na Akademi ya Marekani katika kundi la filamu za lugha ya kigeni, ikashindwa na *Amour* ya Michael Haneke, iliyowasilishwa na Austria.

Hapa watazamaji wengi hudai kwamba dhuluma ilitendeka: mtoto askari alishindwa na wazee wawili wa Paris. Dai hilo linapima msiba. Likipimwa umbo, *Amour* ni kazi iliyobana zaidi. Inakaa ndani ya nyumba moja na kufuata ugonjwa wa mke na mapenzi ya mumewe bila kupotoka hata hatua. *Rebelle* ina ujasiri wa kuonyesha mizimu ya waliouawa na ina uigizaji wa hali ya juu, lakini nchi yake haina jina, na vita vyake havina chanzo wala upande. Mtazamaji wa Kivu anajua kwamba waasi wana majina, wana makamanda, wana vizuizi barabarani na wana wanunuzi wa madini yao. Vita visivyo na anwani vinamrahisishia kazi mtazamaji wa mbali. Dubu wa Rachel Mwanza alistahili kabisa. Kuhusu filamu nzima, wapiga kura wa 2013 hawakukosea.

*Rebelle* inafungua suala lingine. Kwa kanuni ya Akademi, kila nchi huwasilisha filamu moja, iliyochaguliwa na kamati ya nchi hiyo. Filamu husafiri na bendera ya walioigharamia na kuiwasilisha, hata kama kila sura inayoonekana ni ya Kinshasa. *Rebelle* iliwasilishwa na Kanada. *Félicité* iliwasilishwa na Senegali, ikaingia katika orodha fupi ya filamu tisa. Mwaka 2023 *Augure* ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, iliyotuzwa Cannes katika kundi la Un Certain Regard, iliwasilishwa na Ubelgiji. Nchi hizo hazikuvunja sheria yoyote. Lakini kanuni hiyo inafanya sura, lugha na mitaa ya Kongo vihesabiwe kuwa sinema ya nchi nyingine, na mjadala wa nani alistahili huanza bila Mkongo mezani.

2015: *Virunga* na *Citizenfour*

Hakuna mashindano yanayobishaniwa zaidi upande huu kuliko ya Februari 2015. *Virunga* ya Mwingereza Orlando von Einsiedel iliteuliwa kuwania tuzo ya Akademi ya Marekani ya filamu ndefu ya hali halisi, ikashindwa na *Citizenfour* ya Laura Poitras. Ubishi una sababu ya kijiografia: Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1979, inagusa maeneo ya Rutshuru, Lubero na Beni, na ufuo wa magharibi wa Ziwa Edouard una wavuvi wa Kamandi na Kyavinyonge.

Filamu inasuka nyuzi tatu. Uzi wa kwanza ni André Bauma, mlinzi wa hifadhi anayelea sokwe yatima huko Rumangabo. Wa pili ni utafutaji wa mafuta wa kampuni ya Uingereza, SOCO International, ambamo mlinzi Rodrigue Katembo na mwandishi wa habari Mfaransa Mélanie Gouby walirekodi kwa kamera za siri. Kampuni ilikanusha tuhuma za rushwa. Wa tatu ni vita vya M23 vilivyofika hadi Goma Novemba 2012. Tarehe 15 Aprili 2014 mkurugenzi wa hifadhi, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi barabarani kati ya Goma na Rumangabo; siku mbili baadaye filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini New York. Mwezi Juni mwaka huo SOCO ilikubali kusimamisha shughuli zake hifadhini. Filamu chache za kizazi hiki zimechangia matokeo ya wazi namna hiyo.

*Citizenfour* nayo ilipigwa wakati historia ikitokea. Poitras alikuwa chumbani pamoja na Edward Snowden, Hong Kong, Juni 2013, alipokuwa akikabidhi siri za upelelezi wa Marekani. Filamu mbili, hatari mbili, waongozaji wawili wenye uthabiti.

Tofauti imo katika umbo na katika jicho. *Citizenfour* inategemea chumba kimoja, mazungumzo na muda unaokwisha. Kila kipande kinamsogeza mtazamaji kwenye hofu ileile. *Virunga* ina picha nzuri kupita kiasi katika sehemu zinazotaka uchafu, na muziki wake humwambia mtazamaji ahisi nini kabla hajahisi. Zaidi ya hapo, wanaoishi kando ya hifadhi hawapati nafasi ya kutosha. Mkulima anayegombania mpaka wa hifadhi, kama katika mgogoro wa Mayangose karibu na mji wa Beni, na mvuvi ambaye ziwa ndilo shamba lake, wanabaki pembeni. Filamu inapanga wema na ubaya kwa mstari ulionyooka, na maisha ya ufuoni hayajanyooka hivyo.

Hukumu ni kwamba *Citizenfour* ilistahili kushinda, na *Virunga* ilistahili kuteuliwa. Kusema hivyo kutoka Butembo hakupunguzi heshima ya walinzi waliokufa kazini, wala ujasiri wa Katembo, aliyepewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2017. Tuzo hiyo ilipima tendo lake, na ilifika mahali pake.

2019: msitu wa nani?

FESPACO ya 2019, iliyoadhimisha miaka 50 tangu tamasha kuanzishwa, ilitoa Étalon d'or kwa *La Miséricorde de la jungle* ya Joel Karekezi wa Rwanda. Rwanda ilikuwa pia nchi mgeni wa heshima mwaka huo, jambo lililozua maneno. Filamu inafuata askari wawili wa Rwanda, sajini Xavier na kijana Faustin, walioachwa nyuma na kikosi chao katika msitu wa Kivu mwaka 1998. Picha zilipigwa Uganda.

Filamu hii ni ngumu kuitazama kwa utulivu upande huu wa Lubero, ambako vita vilivyoanza mwaka huo vilipita vijijini na havijasahauliwa, na ambako Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa M23 mwaka 2024. Lakini kipimo lazima kibaki kilekile hata kinapouma. Kwa umbo, Karekezi amefanya kazi ya heshima: watu wawili, maneno machache, msitu unaowala kidogokidogo, na hakuna ushindi wa kupigiwa makofi. Marc Zinga, mzaliwa wa Likasi, alistahili tuzo ya mwigizaji bora wa kiume aliyopewa. Kwa jicho, filamu inapungukiwa. Mkongo anaonekana kwa kadiri askari wanavyokutana naye njiani, naye ndiye mwenye msitu. Tuzo ile inakubalika, ila majaji walipaswa kueleza sababu zake kwa maandishi, hasa katika mwaka ambao heshima ya mgeni na heshima ya mshindi zilikutana katika nchi moja. Ukimya wa majaji ndio uliolisha maneno.

Filamu iliyostahili zaidi

Dieudo Hamadi alizaliwa Kisangani mwaka 1984. *Examen d'État* yake ya 2014 inafuata wanafunzi wanaohangaika na mtihani wa taifa. *Maman Colonelle* ya 2017 inafuata afisa wa polisi, Honorine Munyole, anayehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Kilele chake ni *En route pour le milliard*, iliyochaguliwa rasmi na Cannes mwaka 2020, mwaka ambao tamasha lenyewe halikufanyika kama kawaida kwa sababu ya korona.

Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Uganda kulipa fidia kwa Kongo. Filamu inafuata manusura wa vita hivyo vya siku sita, wengi wao wamekatwa miguu au mikono, wanaposhuka Mto Kongo kwa boti iliyojaa watu na mizigo hadi Kinshasa kudai haki yao mbele ya wabunge. Safari hiyo imechanganywa na mchezo wa jukwaani ambao manusura wenyewe wanaucheza.

Ubora wa filamu umo katika mambo ambayo mpenda msiba asingeyaona. Manusura wanagombana kuhusu uongozi na pesa ya safari. Wanataniana juu ya miguu ya bandia inayobana. Wanakasirika. Hakuna sauti ya msimulizi inayowaeleza kwa wageni, na kamera inakaa usawa wao, chini, mahali ambapo mtu asiye na miguu hukaa. Maswali yote matatu yanajibiwa: umbo ni lake peke yake, jicho ni la watu wenyewe, na filamu haiegemei huruma. Februari 2022 Mahakama iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325, kiasi kilicho chini ya theluthi moja ya bilioni inayotajwa kwenye jina la filamu. Filamu isingepungua wala kuongezeka thamani kama hukumu ingekuwa nyingine, na hapo ndipo inapopita *Virunga*.

Ikiwa mjadala wa filamu zilizostahili una jibu moja kwa upande wa Kongo, jibu ni hili. Sheria za makundi zinaeleza kwa sehemu kwa nini Hamadi hana Étalon d'or ya daraja kuu, maana hiyo imekuwa ya filamu ndefu za kubuni, na za hali halisi hushindana kando. Utengano huo unafaa kufikiriwa upya. Filamu ya Hamadi ina mpangilio, wahusika na uhai sawa na wa filamu yoyote ya kubuni iliyotajwa hapa.

Maombi kwa majaji

Kwanza, kila jopo litangaze kwa maandishi sababu za tuzo yake kuu, likieleza umbo la filamu na siyo mada yake tu.

Pili, filamu inayozungumza Kiswahili, Lingala, Kinande au lugha nyingine ya Kongo isihukumiwe na jopo lisilo na hata mtu mmoja anayeielewa lugha hiyo. Utani, matusi na heshima havipiti vyote katika maandishi ya chini ya picha.

Tatu, ZIFF, ambayo ni tamasha la karibu zaidi kwa wasemaji wa Kiswahili, iandae maonyesho ya filamu hizi za zamani zikiwa na maandishi ya Kiswahili, kisha ziletwe Beni, Butembo na Lubero. Kumbi za vyuo, ukiwemo wa Université Catholique du Graben, na za parokia zinatosha kwa kazi hiyo. Ubishi wa filamu unahitaji filamu yenyewe, si habari zake.

Nne, filamu kuhusu mauaji ya Beni na kuhusu Ebola zinaendelea kutengenezwa na zitafika mezani kwa majaji. Zitazamwe kwa ukali uleule unaotumika kwa filamu ya mapenzi kutoka Paris. Zile dhaifu zikataliwe bila aibu, na zile bora zituzwe kwa ubora wake.

Kwa heshima,

Mtazamaji wa filamu, Butembo